Afrika ilihusika vipi na kuanguka kwa Roma?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa sekondari kaandika daftarini kuwa Roma ya Magharibi ilianguka mwaka 476, jemadari Odoacer alipomng'oa madarakani Kaisari Romulus Augustulus. Paroko wetu naye alituhadithia kuwa Mtakatifu Augustino alifariki huko Afrika, mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Hao ni akina nani, na Afrika inaingiaje humo?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Paroko kasema kweli. Wavandali ni watu wa jamii ya Kijerumani. Mwaka 429 walivuka bahari kutoka Hispania wakiongozwa na mfalme wao Geiseric, aliyekuwa akichechemea baada ya kuanguka na farasi. Wakaizingira Hippo, leo Annaba nchini Algeria, na humo Augustino akafariki tarehe 28 Agosti 430.

Binti hajakosea, ila aongeze mwaka 439. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo Geiseric aliiteka Carthage, karibu na Tunis ya leo. Huko ndiko Roma ilikopata ngano, mafuta ya zeituni na sehemu kubwa ya kodi ya kulipia majeshi yake. Mimi naamini pigo la kuua lilikuwa hilo. Watu humtaja sana Attila, mfalme wa Wahunni, lakini Attila aliingia Italia, akapora, akaondoka. Geiseric alikaa bandarini na kuunda meli, na mwaka 455 akaiteka Roma yenyewe, akaipora siku 14.

Mwaka 468 Constantinople, mji mkuu wa Roma ya Mashariki, ilituma meli nyingi mno kumwondoa, chini ya Basiliscus, shemeji yake Kaisari Leo. Geiseric aliomba siku tano za kusitisha vita, na Basiliscus, ole wake, akakubali! Ninyi mliokulia pwani mnajua mtu anapongoja upepo ana lake. Ulipogeuka, Wavandali walitweka matanga, wakakokota mashua zisizo na watu, wakazitia moto na kuziachia zielekee kwenye meli za Warumi zilizosongamana. Nyingi ziliteketea. Basiliscus alikimbilia Constantinople, akajificha kanisani, na hazina ya dola ikawa imekauka.

Baada ya hapo hapakuwa na nguvu ya kuirudisha Afrika. Odoacer alipomwondoa Romulus miaka minane baadaye, Geiseric alikuwa bado anatawala Carthage. Alifariki Januari 477.