Kisu cha Changamwe, chuma cha Ujerumani: kiandikwe nchi gani?

Ndugu fundi, umeuliza kama visu vyako vya jikoni, vya chuma cha Ujerumani na mpini wa mvule, vinaweza kuandikwa "Made in Kenya" kwa mnunuzi wa Marekani. Vinaweza, maadamu chuma unakikata, unakisaga na kukikaza kwa moto ili kiwe kigumu hapo Changamwe, Mombasa. Ila ukiagiza bapa lililokwisha kunolewa China, kazi yako ikawa kupachika mpini tu, kwa kawaida forodha yao itakihesabu kisu cha China. Wengi hunaswa hapo. Usijipime kwa "Made in USA": hiyo hudai kisu kiwe karibu chote cha Marekani, na chuma chake.

Stika haitoshi. Visu vinavyoingia kule hutakiwa jina la nchi ligongwe au lichorwe kwenye chuma chenyewe, au kwenye kibati kilichofungwa imara, mahali panapoonekana. Si chini ya mpini!

Muhuri wa kugonga utumie kabla ya kukaza. Bapa gumu huharibu muhuri au hupasuka. Baada ya kukaza, tumia umeme: futa mafuta kwa spiriti, bandika kiolezo cha plastiki kilichotobolewa herufi za jina la nchi, unganisha ncha chanya ya betri ya volti 12 kwenye kisu na hasi kwenye pamba yenye maji ya chumvi. Gusa sekunde chache, inua, rudia. Ukikandamiza sana, maji hupenya chini ya kiolezo na herufi huvimba. Osha kwa sabuni, kausha, paka mafuta papo hapo. Kwa upepo wetu wa bahari, kutu haingoji kesho.