Kabla hujanunua bendisoo kubwa ya nyumbani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia. Ana karakana nyuma ya nyumba, pesa ameshazikusanya, na sasa amekwama kati ya bendisoo, yaani msumeno wa mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili, mpya ya inchi 14 iliyoko dukani na kongwe ya inchi 24 inayouzwa na kiwanda kilichofungwa. Kila anayemuuliza anamwambia achukue mpya kwa sababu ina waranti. Mwenyewe nimeshamjibu, lakini swali hilo ni la wengi wetu tunaotaka kutengeneza fanicha za maana bila kupanga foleni kwenye mashine za watu.

Msimamo wangu ni huu: kama una nafasi na umeme, nunua kubwa. Na sisemi kwa kusoma vipeperushi vya wauzaji.

Mimi nilisukumwa na hasira. Nilikuwa na mbao za mninga kutoka Tabora, pana, zenye mistari mizuri ya kahawia na nyekundu, ambazo nilizikausha kivulini kwa subira hadi zikatulia. Nilitaka zichanwe katikati ya unene ili nipate milango ya kabati. Nikazipeleka kwenye yadi moja ya kuchana mbao hapa Morogoro. Msumeno wao ulikuwa wa duara, wenye bledi nene inayokula milimita 4 au 5 kila inapopita. Kwa kuwa haukufika kina cha ubao mzima, jamaa alichana upande mmoja, akageuza, akachana wa pili, na mipasuo haikukutana. Katikati ya kila ubao ikabaki ngazi, pembeni alama nyeusi za moto. Nilipomwonyesha, alisema nipitishe randa. Nilipitisha. Vilivyobaki havikutosha hata mlango mmoja, na yeye pesa yake alichukua yote. Mpaka leo nikiona mninga mzuri unapelekwa kwenye msumeno ule, moyo unaniuma.

Ndipo nikaanza kutafuta. Nilizunguka sana na sitawachosha na safari hizo. Mwisho nikaikuta Wadkin ya inchi 30 kwenye karakana ya misheni iliyoacha useremala, imefunikwa turubai, kutu juu tu. Wadkin walikuwa wakitengeneza mashine zao Leicester, Uingereza, na fremu ya hii ni chuma cha kusubu kitupu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndugu zangu walisema nimenunua skrepa. Rafiki yangu mmoja, fundi mwenzangu, alicheka mbele ya mke wangu. Juzi nimekabidhi meza ya mkongo ya watu kumi ambayo mbao zake za juu nilizichana mwenyewe na kuzifungua kama kurasa mbili za kitabu, mistari ya kushoto ikaitikia ya kulia. Rafiki yule sasa ananiletea mbao zake nimchanie, na ninamchania.

Sasa kwa nini kubwa. Zile inchi ni kipenyo cha magurudumu, na ndizo zinazoamua mengine yote. Nafasi kati ya bledi na nguzo ya mashine inakaribia kipenyo hicho. Unene wa bledi nao unafuata gurudumu: kanuni ya zamani ni kwamba bledi isizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo. Gurudumu la milimita 600 linabeba bledi ya milimita 0.6. Ukilazimisha bledi hiyo kwenye gurudumu dogo, inakunjwa mno kila inapozunguka, inachoka, inapasuka nyuma ya meno, halafu inakatika. Bledi nene na pana ndiyo inayovumilia kukazwa sana, na ikikazwa ndiyo inayokwenda wima ndani ya ubao wa inchi 10 bila kuyumba. Mpasuo wake unakula milimita moja na nusu hivi. Kwa mninga wa bei ya leo, tofauti hiyo ni pesa.

Inchi 14 si mashine mbaya. Kwa kukata michoro, miguu ya viti na mbao laini inafaa kabisa. Lakini ninyi mnaoniandikia hamtaki kukata vijiti. Mnataka kufungua magogo ya mkongo na mvule.

Ukienda kuiangalia kongwe, vua bledi kwanza. Zungusha gurudumu kwa mkono, weka sikio kwenye nyumba ya beringi, kisha shika ukingo na utikise. Beringi zinabadilishwa. Mipira ya magurudumu iliyokakamaa inabandikwa mingine. Kisichobadilishwa kwa urahisi ni chuma cha kusubu kilichopasuka, kwa hiyo gonga gurudumu na fremu taratibu kwa nyundo ya mbao: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Ukikuta mshono wa kuchomelea kwenye gurudumu, ondoka, hata akushushie bei vipi.

Halafu soma kibati cha mota kabla ya kutaja bei. Nyumba zetu nyingi zina umeme wa njia moja, volti 230, na mashine hizi nyingi ni za njia tatu. Kibati kikionyesha 220/380, mota inaweza kufungwa kwa delta (namna ya kuunga nyaya zake inayoiwezesha kutumia volti ndogo) na kuendeshwa na inveta ya mota inayoingiza njia moja na kutoa tatu. Kwa mota ya nguvu za farasi 3, yaani kilowati 2.2, mpango huo unafanya kazi vizuri. Yangu ni kubwa kuliko hapo na imeandikwa volti 400 tu, kwa hiyo niliomba njia tatu TANESCO. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukodi gari. Pima na mlango. Mimi nilibomoa sehemu ya ukuta na kumwaga zege nene chini, na sijutii hata tofali moja.

Ukishaimiliki, bledi ndiyo mashine. Kuchana mbao pana nataka meno 3 kwa inchi, ili vumbi lipate mahali pa kukaa hadi litoke upande wa chini. Bledi yenye meno mengi inajaa, inapata moto, inapinda. Mvule una mawe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye nyufa za mti, na hayo yanaua meno kwa sekunde. Msaji nao una mchanga wa silika. Ukisikia sauti imebadilika, usisukume kwa nguvu. Simamisha, uangalie.

Bledi yangu inazidi mita 5 kwa urefu na haipatikani dukani, nanunua roli na kuunga. Kuunga ndiko kulikochelewesha msumeno huu duniani: Mfaransa Anne Paulin Crépin aliomba hataza ya namna ya kuunga bledi mwaka 1846, na kabla ya hapo zilikuwa zinakatika tu. Ncha zote mbili nazisugua mshazari, nazilaza moja juu ya nyingine, nazilehemu kwa madini ya fedha, kisha nazipiga tupa mpaka kidole kikipita kisisikie kiungo. Jifunzeni kazi hii. Ukimtegemea mtu, siku akisafiri karakana yako imelala.

Kuifunga bledi kwenye mashine pia hakuna njia ya mkato. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, uone bledi inakaa wapi juu ya mpira, rekebisha mwinamo taratibu. Waelekezi wa pembeni, vile vishikio vinavyoizuia bledi isiyumbe, wasiiguse, wapishe unene wa karatasi, na wakae nyuma ya meno. Yangu ikishakaa sawa nasimamisha sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo juu ya meza, nawasha, na haianguki.

Na hapa nataka kusema na vijana kwa ukali kidogo. Naona video zenu: milango ya mashine iko wazi, mwelekezi wa juu umeachwa nusu mita juu ya ubao, mtoto amesimama kando ya bledi. Shusha mwelekezi mpaka uupite ubao kidogo tu. Sukuma kwa kipande cha mbao, kidole gumba kisikae kamwe kwenye mstari wa meno. Magurudumu mazito yanaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kuzima, kimya kabisa, na watu wanapeleka mkono kufagia vumbi wakidhani imelala. Kanyaga breki, subiri, angalia meno kwa macho.

Vumbi nalo si uchafu wa kuzoea. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kama pesa ya bendisoo inakumaliza hata usibaki na ya mashine ya kunyonya vumbi na barakoa nzuri, subiri mwezi mwingine, ununue vyote pamoja.