Pushapu au karatasi? Majibu kwa askari wetu walioko Jeshi la Marekani

Wiki hii barua karibu zote zimegota pale pale: askari mdogo akikosea, apigishwe pushapu au aandikiwe fomu ya ushauri, ile 4856 ambayo kiongozi huandika kosa na mpango wa kulirekebisha? Zaidi ya hapo sitaieleza. Kama uko Jeshi la Nchi Kavu na hujawahi kuiona, basi umeripoti jana au wewe ni malaika.

Nimechelewa foleni ya alfajiri, ile ya kuhesabiwa, mara mbili. Sajenti akaniambia nichague: pushapu 30 au karatasi. Nikachagua pushapu, yakaisha. Wenzangu wananicheka. Nimekosea? – Praiveti, Texas

Hukukosea sana, ila hukujua umenunua nini. Kanuni ya Jeshi la Nchi Kavu, AR 600-20, inaruhusu mazoezi mafupi ya viungo kwa kosa dogo, na mfano inaoutoa ni huu huu wako: pushapu kwa aliyechelewa foleni. Kwa hilo sajenti hana kosa. Kinachonikera ni mnada wenyewe, chagua hiki au kile, kana kwamba ushauri ni adhabu ya pili iliyokaa rafuni karibu na ya kwanza.

Nakuelewa lakini. Sisi tuliokulia kwenye kichurachura na fimbo za mstarini shuleni tunaona jasho ni nafuu. Unalipa papo hapo, deni limekwisha, mnacheka wote. Karatasi inatutisha kwa sababu kwetu ofisini barua ya onyo ni hatua ya kwanza kuelekea getini. Tatizo ni kwamba jasho halina kumbukumbu, na hapo linakuumiza wewe pia. Sajenti wako atahamishwa, atakuja mwingine, naye hatajua kwamba, tuseme, gari lako ni bovu na unategemea lifti ya jirani. Ungekuwa na fomu yenye mpango (nani atakupitia, saa ngapi, nani umpigie ukikwama) ungekuwa na ushahidi kwamba ulijirekebisha. Sasa huna chochote zaidi ya mikono inayouma.

Nunua saa ya kengele ya mezani. Simu huzimika chaji.

Nikisaini 4856 nimekiri kosa?

Hapana. Nimelijibu hili hadi kalamu imechoka. Saini inaonyesha kuwa mmezungumza. Juu ya saini kuna kisanduku cha kukubali na cha kutokubali, na kuna nafasi ya maoni yako. Weka alama panapostahili, andika upande wako wa habari, kisha saini. Ukikataa kusaini, kiongozi ataandika kwamba umekataa, na nafasi yako itabaki nyeupe. Na someni kabla ya kusaini, jamani! Mkubwa akikunja uso mnaitikia "ndiyo afande" na kuchukua kalamu hata mstari wa kwanza hamjaumaliza.

Sajenti anaruhusiwa kunipiga kofi?

Hapana. Mwaka 1943 Jenerali Patton aliwazaba makofi askari wawili waliokuwa hospitalini kule Sicily, na mkuu wake, Jenerali Eisenhower, akamwamuru aombe radhi. Sajenti wako si Patton.

Nimepata mistari mitatu juzi tu. Fomu inanila saa nzima, pushapu zinanila dakika moja. Wazee wa kombania wanasema jeshi limelegea kwa sababu ya makaratasi. Nifanyeje? – Sajenti mpya, kutoka Kisumu

Hongera kwa mistari. Sasa waulize hao wazee jeshi lilikuwa gumu lini hasa. Wakati wa viboko? Bunge la Marekani liliviondoa jeshini mwaka 1812, likavirudisha 1833 kwa watoro, likavifuta tena 1861. Leo kifungu cha 55 cha sheria ya kijeshi kinavikataza kwa jina. Au wakati wa Ribbon Creek? Usiku wa Aprili 8, 1956, pale Parris Island, kambi ya mafunzo ya Marines (askari wa majini wa Marekani), mwalimu wa kuruta, Sajenti Matthew McKeon, aliona platuni yake imelegea, akaiingiza kwenye mkondo huo wa maji ili ishike adabu. Vijana sita walizama. Hakukusudia kuua mtu. Alikusudia kuwafunza.

Kuna mwingine ambaye ninyi wenye majina ya kigeni mnapaswa kumjua kuliko wote: Praiveti Danny Chen, kijana wa miaka 19, mtoto wa wahamiaji wa Kichina, mzaliwa wa New York. Kule Afghanistan wakubwa zake walimwandama kwa matusi ya rangi na kwa "mazoezi". Oktoba 3, 2011, alifika lindoni bila kofia ya chuma, akaamriwa kutambaa kwenye kokoto huku akitupiwa mawe. Siku hiyo hiyo alijiua. Askari wanane walishtakiwa. Kosa la kofia lilikuwa la kweli, na lingetosha kurekebishwa kwa kumrudisha akaichukue, kisha akaguliwe vifaa kila siku kwa wiki moja. Kanuni inataka hivyo: marekebisho yahusiane moja kwa moja na kosa, na yakome kosa linapokwisha. Kokoto zina uhusiano gani na kofia?

Sikukatazi pushapu. Mwache komanda wako aseme anaruhusu nini, ziwe chache, na ukiwa na hasira usiziamuru kabisa. Kuhusu ile saa nzima, unaipoteza kwa sababu unaandika hukumu. "Ana tabia mbaya" si ushauri. Andika tarehe, saa, alichotakiwa kufanya, alichofanya. Mpango wa utekelezaji mwandike wawili, yeye akisema na wewe ukiandika. Dakika kumi na tano zinatosha. Kisha rudi kwenye ile sehemu ya mwisho, ya tathmini. Nimewahi kushika faili la askari lenye fomu tisa, na sehemu hiyo ilikuwa nyeupe pe kwenye zote tisa. Huyo kiongozi hakuwa akishauri mtu, alikuwa akimkusanyia kuni. Na fomu hiyo hiyo ni ya kusifu pia. Wangapi kati yenu mmeitumia hivyo?

Nilisahau kitambulisho chumbani. Sajenti amenipangia kuosha vyoo kila jioni kwa siku 14. Hakuna karatasi yoyote.

Hiyo ni adhabu iliyovaa nguo za mafunzo. Siku 14 za kazi za ziada ndicho kiwango cha juu anachoweza kutoa komanda wa kombania kwa Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya kijeshi, kile cha kuadhibu makosa madogo bila mahakama, na hapo una haki ya kusikilizwa, hata ya kukataa na kudai mahakama ya kijeshi. Sajenti hana mamlaka hayo. Wala choo hakikukumbushi kitambulisho. Muulize kwa adabu: "Sajenti, haya ni mafunzo au ni adhabu?" Asipojibu, panda ngazi: sajenti wa platuni, kisha sajenti mkuu wa kombania. Ofisi ya mkaguzi mkuu, inayopokea malalamiko, nayo ipo.

Mwanangu yuko jeshini huko, ameandikiwa karatasi tatu. Nimwambie aombe viboko yaishe? – Mama, Tanga

Shikamoo mama. Viboko havipo, na karatasi moja haimfukuzi mtu. Tatu za kosa moja ni jambo jingine. Zikiwa na lile onyo kwamba anaweza kuachishwa, ndizo zitakazowekwa mezani siku ya kumwachisha. Asipoachishwa kwa cheti cha heshima kamili, fedha za masomo za GI Bill zinapotea. Na kama uraia aliupata kupitia jeshi, akatolewa kwa namna isiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi mwema, sheria inaruhusu avuliwe. Mwambie hivyo kwa sauti yako, atakusikiliza kuliko sajenti.

Na samahani mama, hukuniuliza hili. Vijana wengi waliopita mikononi mwangu walichelewa alfajiri kwa sababu usiku walikuwa wakisambaza vifurushi kwa gari, tena bila ruhusa ya komanda, ili nyumbani kupatikane bati na ada ya binamu. Mpunguzie orodha.

Nimekutumia picha ya 4856 yangu, nisaidie kujibu.

Mko wanne wiki hii. Nimezifuta zote. Jina, cheo na kikosi vinasomeka, na mmoja wenu ameacha hata jina la mke wake kwenye maelezo. Mimi si wakili. Mawakili wa utetezi wa jeshi wapo kwenye kambi kubwa zote na hawatozi senti. Nenda mapema.