Mlio wa simu iliyokatwa: usinakili wa nchi, pima wa laini yako

Zahanati moja pale Tanga ina laini moja ya simu ya mezani, na namba yake kina mama wa mitaa ile wameikariri tangu zamani. Niliombwa kuiunganisha na simu za intaneti ili nesi wa zamu aipokee akiwa chumba chochote. Nilifunga adapta, yaani kifaa kinachounganisha laini ya mezani na mtandao, nikaweka seva ndogo ya Asterisk, programu ya kuendesha simu, nikajaribu mara mbili tatu, nikaondoka. Kesho yake dada wa mapokezi akanipigia kwa simu yake ya mkononi: "Kaka, tangu asubuhi watu wanatuambia tuko bize, na huku hakuna anayeongea."

Kweli, hakuna aliyekuwa anaongea. Mtu alikuwa amepiga saa mbili asubuhi, akasikia sauti ya kumwomba asubiri, akachoka, akakata. Mfumo haukujua kwamba amekata. Ukaendelea kumpigia muziki wa kusubiri kwa saa mbili nzima, na laini ikabaki imeshikwa. Kwa duka hiyo ni hasara. Kwa zahanati, huenda mama mwenye uchungu alikuwa anapiga bila kupata mtu, na jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Binadamu akisikia mlio wa tii-tii-tii anarudisha mkonga mwenyewe. Adapta lazima ifundishwe. Mtambo wa simu unaweza kuiarifu kwa njia tatu: kukata umeme wa laini kwa sehemu ya sekunde, kugeuza chanya kuwa hasi, au kupiga mlio tu. Njia mbili za kwanza ndizo bora, kwa hiyo anza kwa kuzitafuta. Weka mita ya volti kwenye laini, mtu apige, upokee, akate, nawe uangalie. Mita ya mshale ni nzuri zaidi, maana ile ya tarakimu inachelewa na inaweza kukosa mkato mfupi. Usiguse waya kwa mikono mitupu wakati simu inaita. Volti zinapanda hadi kama 90 na zinapiga.

Pale Tanga mshale haukutikisika. Ukabaki mlio.

Kwenye mipangilio ya adapta nilikuta maandishi haya: 480@-30,620@-30;4(.25/.25/1+2). Maana yake ni sauti mbili pamoja, za Hz (mitetemo kwa sekunde) 480 na Hz 620, zikilia robo sekunde na kunyamaza robo sekunde, kwa muda wa sekunde 4. Huo ni mlio wa Marekani. Adapta ilikuwa imekaa ikisubiri sauti ambayo isingesikika Tanga hata siku moja.

Hapo nikafanya kosa ambalo wengi hulifanya. Nilisoma kwamba pendekezo la E.180 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataja Hz 425, na kwamba nchi nyingi zinaufuata mlio huo, nikaandika 425 na nusu sekunde kwa nusu sekunde. Nikapiga, nikakata. Laini ikabaki imeshikwa vilevile.

Ndipo nikakaa chini nikarekodi. Niliiagiza Asterisk ipokee simu na kurekodi kila inachosikia, nikapiga kwa simu ya mkononi, nikahesabu hadi tano, nikakata, nikaiacha irekodi dakika nzima. Rekodi upande wa laini ya mezani. Simu ya mkononi uliyopigia haiusikii mlio huo kabisa. Na tumia kodeki (njia ya kufunga sauti ili isafiri mtandaoni) ya G.711, kwa sababu zile zinazobana sauti zimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu na huharibu milio.

Nikaifungua rekodi kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kwanza kimya cha sekunde kadhaa, kisha mlio, vipande vinavyolingana kama shanga. Nikavipima kwa kipanya: sekunde 0.35 sauti, sekunde 0.35 kimya. Nikachagua kipande kimoja, nikafungua chati ya masafa, inayoonyesha sauti ina Hz ngapi. Hapa uwe makini: sauti ikiwa na sampuli 8000 kwa sekunde, ukichagua ukubwa wa sampuli 256 kila hatua ya chati ni kama Hz 31, na hutaweza kutofautisha 425 na 450. Chagua 2048, hatua inashuka hadi karibu Hz 4. Kilele kilisimama kwenye 450.

Hz 450, 0.35 kwa 0.35. Huo ni mlio wa bize wa China! Nikafuata waya ukutani, nikakuta nyuma ya kabati swichibodi ndogo, yaani mtambo wa simu wa ndani ya jengo, iliyofungwa miaka mingi nyuma, ambayo hakuna aliyekuwa akiikumbuka. Laini ilipita humo kabla ya kunifikia, nayo ilikuwa ikiimba kama ilivyofundishwa kiwandani. Kwa hiyo orodha za milio ya nchi zichukue kama pa kuanzia tu. Adapta yako inasikia mlio wa mtambo ulio karibu nayo, na huo ndio unaotakiwa kuupima.

Nilibadilisha mipangilio ya adapta: nikaweka Hz 450, sekunde 0.35 kwa 0.35, na ile 4 ya muda nikaiacha. Usishushe hiyo 4 kwa haraka ya kutaka laini iachiwe mapema. Nilijaribu 2, na simu ya mama mmoja ikakatika katikati huku mtoto wake akilia, maana kilio kilidhaniwa ni mlio. Afadhali laini ikae sekunde chache zaidi kuliko kumkatia mgonjwa.

Kisha nilipiga na kukata mara ishirini, nikiwa kwenye muziki wa kusubiri, kwenye salamu, na katikati ya mazungumzo na dada wa mapokezi. Zote ziliachia. Nikaandika kwenye karatasi "450, 0.35/0.35, mlio unatoka kwenye swichibodi nyuma ya kabati", pamoja na tarehe, nikaibandika ndani ya mfuniko wa adapta, kwa ajili ya fundi atakayekuja siku swichibodi hiyo ikibadilishwa.