Sijambo ni salamu tu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza uendelee na rufaa ya PIP, ile posho ya ulemavu ya Uingereza inayotolewa kwa kuhesabu pointi, au uiache, maana umeambiwa baraza la rufaa linaweza kukuongezea, na linaweza pia kukupokonya hizo pointi 8 za shughuli za kila siku ulizokwisha kupewa. Unataka nikujibu ndiyo au hapana. Nimekaa na swali lako wiki nzima, na kila nikilishika narudi kwenye neno moja: sijambo.

Tumelelewa hivyo. Mtu anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, hata kama ametoka kuzika. Unaanza na salama, ndipo unaweka ila. Salama, ila usiku sikulala. Salama, ila magoti. Habari yenyewe imekaa nyuma ya ila, na sisi kwa sisi tunajua kuisubiri. Anayekuja kukupima haisubiri. Anaandika salama, anaendelea na swali la pili. Ndiyo maana nakwambia, na nitarudia mpaka unichoke: sijambo ni salamu, si cheti cha daktari.

Baba yako, Mungu amrehemu, iliponza nyumba nzima sijambo yake. Mwaka 2016, walipomtoa kwenye DLA, ile posho ya zamani ya ulemavu, wakataka apimwe upya kwa ajili ya PIP, alikuja dada mmoja nyumbani, kompyuta mapajani. Wewe ulikuwa na miaka 17, uko shule. Akamuuliza anaendeleaje. Baba yako akasema yuko vizuri, anamshukuru Mungu. Kisha akainuka. Nilikuwa nakunja nguo, nikamwona anainuka, nikajua anakwenda kuleta chai, kwa sababu mgeni hakuwa anatoka mkavu kwa baba yako. Akaenda jikoni bega likiburuza ukutani. Akarudi na kikombe amekikumbatia kwa mikono miwili. Kisahani alikiacha, maana kingegongana na kikombe, na mgeni angesikia jinsi mikono inavyotetemeka.

Yule dada alipoondoka, baba yako alijilaza sakafuni palepale sebuleni. Uliporudi ulimkuta, akakwambia ananyoosha mgongo. Unakumbuka? Ukamruka ukaenda kutafuta chakula.

Ripoti ikaja. Aliinuka bila msaada. Alitembea hadi jikoni. Alibeba kinywaji cha moto. Pointi sifuri. Na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo.

Wakati ule nilidhani kinachotazamwa ni kama mtu anaweza au hawezi. Tulipokwenda kutafuta ushauri ndipo nikaelewa sheria inauliza zaidi ya hapo. Unaweza kulifanya jambo kwa usalama? Kwa kiwango kinachokubalika? Unaweza kulirudia kila linapohitajika? Na je, linakuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na maradhi yako? Kisha wanahesabu siku: kinachochukuliwa ni hali yako katika zaidi ya nusu ya siku zako. Kikombe kimoja kwa mgeni mmoja hakiwezi kusimama mbele ya maswali hayo. Lakini lazima kuwe na mtu wa kusema kilichotokea baada ya kikombe, na baba yako hakuwa mtu wa kusema.

Tukakata rufaa. Siku ya kikao tulikuta watu watatu mezani: hakimu, daktari, na mwingine anayejua mambo ya ulemavu. Hawakuvaa majoho. Ile ofisi ya posho iliyomnyima haikuleta mtu. Mkalimani tulipewa na baraza bila malipo, na wewe ukimhitaji omba mapema. Daktari alifungua ile ripoti, akasoma kimya, akamuuliza baba yako swali moja: "Baada ya kuleta chai, ulifanya nini?"

Miezi yote ile, barua zote zile, hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu baada. Baba yako akatazama mikono yake. "Nililala chini." Mpaka saa ngapi? "Mpaka mtoto aliporudi kutoka shule."

Mwanangu, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Na ningeishia hapo, tungerudi nyumbani salama. Lakini nilikuwa na lile daftari langu la kuandika nilivyomhudumia kila siku, na furaha ikanipandisha, nikalifungua nikaanza kusoma. Jumatatu nimemvisha suruali. Jumanne nimemuogesha, ameanguka nikimkausha. Jumatano nimemsafisha chooni. Mkalimani, kijana wa rika la wajomba zako, anageuza neno kwa neno huku ameinamisha kichwa.

Tulishinda siku ileile. Kwenye basi baba yako alikwenda kukaa mbele peke yake. Usiku akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Hakulirudia tena, na mimi sikulisahau.

Nimejitetea miaka yote. Zile pesa ndizo zilizolipa kodi na zikamweka nyumbani, na bila daftari labda tungekosa. Mama yangu alikuwa akisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini daktari alikuwa ameshauliza, na baba yako alikuwa ameshajibu kwa kinywa chake. Labda nililisoma kwa sababu nilitaka watu wajue na mimi nachoka. Sijui. Nikijitetea asubuhi, jioni najihukumu.

Sasa wewe. Umepewa pointi 4 za kutembea, maana yake wameamini unavuka mita 50. Unazohitaji hapo ili ulipwe ni 8, nazo ni za yule anayeishia kati ya mita 20 na 50. Nilipokuja kwako mwezi wa tatu, tulishuka basi tukatembea hadi mlangoni kwako, nami nilihesabu nguzo za taa. Ya pili uliishika. Ya tatu uliniambia nitazame maua ya jirani, nikayatazama, huku nakusikia unavyohema. Ya nne ulikaa kwenye ukuta. Ulipofika ndani ukapiga simu kazini, ukawaambia uko poa.

Mwambie mtu anayejua kupima akapime ile njia, kutoka kituoni mpaka kwenye kila nguzo. Lile bunda la karatasi za rufaa walilokutumia lisome lote, na ukikuta pale waliposema ulitembea vizuri, andika namba ya ukurasa na kilichofuata baada ya hapo. Ukieleza hali yako, habari ya dawa mpya usianze nayo, kwa sababu wanatazama hali yako siku uamuzi ulipotolewa, si siku ya kikao. Na usijipambe kwa mabaya yasiyokuwepo. Siku ukiwa nafuu, sema ni nafuu, kisha sema zinakuwa ngapi kwa wiki.

Kuhusu kupokonywa: kweli wanaweza. Ila wakifikiria kukupunguzia huwa wanakuonya kwanza na kukupa nafasi ya kuamua kama unaendelea. Nimejizuia hapa, kalamu inataka kuandika nenda. Pointi hizo 8 ni zako, wewe ndiye utakayelala nazo au bila hizo, na mimi nilishawahi kumwamulia mtu mzima mbele ya hakimu. Ukiniuliza kwa simu sijui kama nitaweza kunyamaza, kwa hiyo usiniulize mpaka umeamua.

Kwenye bahasha hii kuna daftari. Kurasa za mwanzo nimeandika mimi, zile siku 4 nilizokaa kwako, kabla uamuzi haujatoka mwezi wa nne: nguzo za taa, kile kifuniko cha chupa ulichonipa nikufungulie ukidai una haraka, na lile la bafuni. Baraza linataka ushahidi utumwe kabla ya kikao, kwa hiyo lisome wiki hii. Ukurasa wowote usiotaka wageni wausikie, uchane. Baba yako sikumpa nafasi hiyo.

Mama yako