Je, chama kipya kikiingia madarakani, sera zote hubadilika?

Ndugu, umeuliza kama chama kipya kikishika dola sera zote hubadilika mara moja. Kwa maoni yangu, hutangulia zile zinazotegemea uamuzi wa waziri peke yake, ilhali zinazohitaji sheria mpya, fedha nyingi au kuvunja mikataba husubiri. Tazama Uingereza: chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa tarehe 1 Mei 1997, na siku tano baadaye kikatangaza kwamba Benki Kuu ndiyo itakayopanga viwango vya riba, jambo ambalo ilani yake ililigusia juujuu tu. Hata hivyo, serikali hiyohiyo ilishikilia kwa miaka miwili mipaka ya matumizi iliyorithi kwa chama cha Conservative kilichoitangulia, wala haikuitaifisha upya British Telecom, kampuni ya simu iliyokuwa imebinafsishwa.