Lenzi ya milimita 300 inatosha kwa mwezi

Unauliza kama ununue lenzi ndefu kuliko yako ya milimita 300, kwa kuwa kwenye picha mwezi unatoka doa jeupe tu. Usinunue nyingine, hiyo ya 300 inatosha. Mwezi wako unatoka doa jeupe kwa sababu kamera inapima giza la anga na kuingiza mwanga mwingi mno. Mwezi unaangazwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo upige kama kitu cha mchana: mipangilio yote kwa mkono, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, kasi ya shata 1/125 ya sekunde. Ukibaki mweupe, ongeza kasi. Fokasi pia kwa mkono, ukiukuza kwenye skrini mpaka kingo za kreta, yale mashimo ya mwezini, zionekane wazi. Tumia tripodi na taima ya sekunde 2, kidole kisitikise kamera.

Mimi hupigia juu ya paa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na taa za mtaa hazinisumbui kabisa. Kinachoharibu ni hewa: mwezi ukiwa chini upande wa mashariki unachezacheza, basi subiri uwe juu angani. Nairobi tuna bahati, karibu na ikweta hupanda juu sana.

Mwezi wa nusu ndio mzuri zaidi, vivuli vinaonyesha milima, ila hauna mwanga mwingi, panda hadi ISO 400.